Mgongo wa Murunga

Sajini Valary Nalianya hakuingia. Alisimama kizingitini mwa chumba namba kumi na saba, ghorofa ya pili, mikono ameitia mifukoni ili isije ikashika kitu, akaanza kutazama. Miaka kumi na mmoja ya kuchunguza mahali watu walipofia ilikuwa imemfundisha kwamba anayemkimbilia maiti hukanyaga ushahidi. Maiti mwenyewe hana haraka.

Aliyelala kitandani ni Morris Murunga, fundi wa kuchomelea vyuma, umri miaka thelathini na minne. Alilala chali, amevaa fulana na kaptura, blanketi limemfunika hadi kifuani. Kati ya kitanda na kabati palikuwa na jiko la makaa lililojaa majivu. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa matambara.

"Hii imeisha, Nalianya," alisema Inspekta Mwanzia nyuma yake. Kesi ilikuwa yake. Hakuwa mtu mbaya wala mvivu, ila Jumapili hiyo peke yake alikuwa ameitwa mtaa huu wa Gatina mara tatu. "Moshi wa makaa. Bibi yake amewasha jiko, ameziba dirisha, ametoka, amefunga kufuli kwa nje. Leo saa tano anarudi, anafungua, anapiga nduru."

"Kufuli lilikuwa nje?"

"Nje. Amekubali mwenyewe. Na funguo ni mbili tu. Mmoja anao yeye, mwingine ndio huo hapo mezani, wa marehemu. Mtu hawezi kuwa ndani na ajifungie kwa nje."

"Hapana, hawezi."

"Na Alhamisi waligombana, wapangaji wa ploti nzima wakasikia. Kesho saa tano asubuhi nampeleka kortini niombe siku kumi na nne za kumzuia."

Valary aliuchukua mfuko wa ushahidi wenye kufuli aliokuwa nao Mwanzia. Kufuli lilikuwa la shaba, la kawaida, lile linalouzwa kila duka la vyuma. Bila kulitoa mfukoni, akalibana kwa kidole gumba. Likalia *tak*, likafunga.

"Ufunguo uko wapi, Inspekta?"

Mwanzia alilitazama kufuli, kisha akamtazama yeye.

"Kulifungua kunataka ufunguo," Valary alisema. "Kulifunga kunataka kidole. Aliyefungua kwa ufunguo wa Murunga angeweza kuuacha pale mezani na kufunga akitoka. Sisemi ni hivyo. Nasema funguo mbili hazitupi mtu mmoja."

Mwanzia akakohoa. "Fanya kazi yako. Lakini saa tano ni saa tano."

Konstebo Kavoi, mpiga picha wake, alianza na pembe nne za chumba, kisha sakafu, kisha kitanda. Valary alingoja kamera inyamaze. Ndipo akavaa glavu, akaingia kwa hatua ndogo ndogo akifuata ukuta, akalifunua blanketi.

Mguu wa kulia wa Murunga haukuwa umelala. Ulinyooka hewani, kisigino kimeinuka juu ya godoro, kana kwamba kuna mto chini yake. Hapakuwa na mto.

"Pima," alisema.

Kavoi akaweka rula. "Sentimita kumi na tisa."

Valary alijaribu taya, kiwiko, goti. Vyote vilikuwa vimekauka. Murunga alikuwa amekufa tangu jana, na alipokuwa akikauka mguu ule ulikuwa umeegemea kitu. Kitu hicho hakikuwa humu.

Akatazama mlangoni. Palikuwa na ndala za mwanamke, viatu vya kanisani vya mwanamume vilivyopigwa rangi, na viatu vidogo vya mtoto ambaye bado hajaanza kutembea.

"Fundi wa vyuma anatoka kazini Jumamosi," alisema, "anafika nyumbani, analala, anakufa. Viatu vyake vya kazi viko wapi?"

Kavoi alichungulia chini ya kitanda, nyuma ya kabati, kwenye beseni. Hakuna.

Jiko lilifuata. Lilikuwa limekaa juu ya mkeka wa plastiki. Valary alipiga magoti, akalisogeza kwa vidole viwili. Mkeka chini yake ulikuwa laini, maua yake mekundu hayajabadilika rangi. Jiko lililojaa makaa ya kuua mtu lingeukunja mkeka ule kama jani la sukumawiki kwenye mafuta. Akatia kijiko kwenye majivu, akayachekecha juu ya karatasi nyeupe. Majivu yakapita. Vilivyobaki ni vipunje vyeusi, mviringo, vidogo kama mtama. Akasogeza sumaku. Vipunje vikairukia.

"Vyuma," alisema Kavoi.

"Cheche za kuchomelea zikipoa huwa hivyo. Jiko hili lilikuwa linakaa karakana. Na hapa halikuwahi kuwaka."

Mwanzia alikuwa ameegemea mlango. Sasa alisimama wima.

"Saidieni tumgeuze," Valary akasema. "Taratibu. Mgongo ndio nautaka."

Walimgeuza watu watatu. Kavoi akapandisha fulana.

Moyo ukisimama, damu hufanya kama maji yoyote yale: hushuka chini. Mtu akifa chali, mgongo wake hugeuka rangi, isipokuwa pale palipobanwa na alicholalia, pale hubaki peupe. Saa nyingi zikipita rangi hiyo hushika kama ya leso iliyokwisha kukolea, hata ukimhamisha haihami tena. Valary alikuwa ameona migongo yenye mikunjo ya shuka, yenye mshono wa godoro, yenye kokoto. Mgongo wa Murunga ulikuwa wa zambarau iliyokoza, na juu ya zambarau hiyo, kutoka mabegani hadi kiunoni, vilipangika vialama vyeupe, virefu kama mbegu za tikitimaji, kimoja kimelala huku, cha pili kimelala kule. Karibu na bega la kushoto mpango huo ulikatika. Palikuwa na weupe mtupu, mraba, ukubwa wa kiganja cha mkono.

"Inspekta, moshi wa makaa huifanya damu iwe nyekundu ya kung'aa. Hii ni zambarau. Na hilo," alionyesha godoro la sponji, "halina vinundu."

"Basi amelalia nini?"

"Chuma. Bamba lenye vinundu, lile la kukanyagia kwenye ngazi za mabasi. Amelilalia si chini ya saa nane. Halafu akaletwa." Akamgeukia Kavoi. "Piga na rula ndani ya picha. Piga ishirini."

Keateka, mtunzaji wa ploti, mzee Oyoo, aliwasubiri kwenye korido akiwa na kofia mkononi.

"Mzee, mke wa Murunga hupikia makaa?"

"Makaa hapa ni marufuku, madam. Tangu ile moto ya mwaka jana landilodi alikataa kabisa. Wote wako na gesi."

"Asubuhi ulisikia nini?"

"Pikapu. Hivi saa kumi na moja, bado giza. Nikajua ni mtu anahama, nikarudi kulala. Sikuiona. Nilisikia tu vyuma vikigongana huko nyuma."

"Umewaambia polisi?"

Oyoo alimtupia Mwanzia jicho. "Hawakuniuliza."

Celine Aoko, mke wa Murunga, alikuwa amekaa ndani ya gari la polisi, mtoto wake Trizah, wa miezi mitano, amelala kifuani mwake. Hakuwa akilia. Alikuwa amefika pale machozi yanapokauka na macho kubaki wazi tu. Valary akaketi kando yake, akaacha mlango wazi.

"Pole, Mama Trizah. Mimi ni Valary. Wewe ulikuwa wapi tangu Ijumaa?"

"Mtaa wa Satellite, kwa dadangu. Amejifungua, hana mtu. Nililala huko siku mbili."

"Viatu vya kazi vya Baba Trizah?"

"Huwa anaviacha hapo mlangoni. Nilimkataza kuingia navyo. Viko na grisi."

"Alhamisi mligombania nini?"

Aoko alimtazama kwa mara ya kwanza. "Huyo mkubwa alisema tu nikubali tuligombana. Hakuuliza juu ya nini."

"Mimi nauliza."

"Kazi. Nilimwambia aache kazi ya kwa Opondo. Stima ya huko inamrusha. Wiki hiyo alirudi mara mbili vidole vimekufa ganzi, hawezi hata kushika kikombe. Yeye akaniambia kazi ni kazi. Mimi nikapiga kelele. Eeh, nilipiga kelele."

"Opondo yuko wapi?"

"Dalmas Opondo. Laini Saba, kando ya reli. Anatengeneza mageti na madirisha. Ukiuliza utaonyeshwa."

Valary aliandika jina hilo, akafunga daftari. "Kesho nitakuona kabla ya saa tano," alisema. Hakuwa na mazoea ya kuahidi watu vitu, na hicho hakukisema kama ahadi. Alikisema kama ratiba.

Saa moja asubuhi, Jumatatu, Daktari Mbuthia alikuwa mochari, tayari amevaa aproni. Alikuwa daktari wa serikali wa kuchunguza maiti, mwanamume mfupi asiyependa maneno, na alikubali kuamka mapema kwa sababu Valary hakuwa mtu wa kumwamsha bure.

"Nimetazama picha zako," alisema. "Tuanze na damu."

Alichukua mirija miwili ya kioo. Katika mmoja alitia tone la damu ya Murunga kwenye maji, katika wa pili tone la damu ya mtu aliyekufa kwa moshi wa jenereta wiki iliyopita. Akaongeza dawa ile ile kwenye yote miwili, akatikisa. Wa pili ulibaki wa waridi. Wa Murunga uligeuka hudhurungi, kisha ukawa kama chai iliyochacha.

"Maabara kuu itathibitisha," Mbuthia alisema. "Lakini huyu hakuvuta moshi. Koo pia halina masizi."

"Mikono?"

"Ah. Mikono ya fundi wa kuchomelea ni kitabu kirefu." Alikigeuza kiganja cha kushoto chini ya taa. "Hivi vyeusi juu ya mkono ni vya cheche. Vya zamani na vipya. Vyote viko upande wa nje, kwa sababu cheche hukuangukia. Sasa tazama hapa, kati ya kidole gumba na cha shahada."

Valary aliinama. Kilikuwa kijidonda kidogo kuliko punje ya mahindi, cheupe, kimebonyea katikati, kingo zake zimeinuka kama za tone la nta.

"Hiki si cha cheche," Mbuthia akasema. "Alishika kitu. Umeme uliingia hapa." Akasogea hadi miguuni, akaonyesha alama nyingine chini ya kisigino cha kulia. "Ukatokea hapa. Kati yake kuna moyo."

"Alichukua muda gani kufa?"

"Dakika. Pengine hata hiyo hakumaliza. Kwa kukauka kwake na joto ulilopima jana, naweka jioni ya Jumamosi. Kati ya saa kumi na saa moja."

"Niandikie."

"Tayari." Akamsukumia karatasi. "Nenda. Watu wa mahakama hawana subira kama wangu."

Karakana ya Opondo ilikuwa paa la mabati juu ya nguzo nne, hatua ishirini kutoka kwenye reli. Mageti mapya yalisimama yameegemeana. Mafundi wawili walikuwa wakisugua bomba kwa msasa. Mmoja wao, kijana mrefu waliyemwita Billy, aliona sare ya Kavoi, akaacha kusugua.

Dalmas Opondo alitoka nyuma na kikombe cha chai. Alikuwa mtu wa miraba minne, sauti yake ya upole.

"Karibu, madam. Tumesikia juu ya Morris. Inauma. Kijana mzuri sana."

"Jumamosi aliondoka hapa saa ngapi?"

"Saa kumi na nusu. Tulipeana mkono hapo. Aliondoka mzima."

"Amevaa viatu?"

Kikombe kilisimama kidogo njiani kuelekea mdomoni. "Si mtu huenda na viatu?"

"Kwake havipo. Naomba ufunue hiyo meza."

Katikati ya karakana palikuwa na meza nzito ya chuma, imefunikwa kwa turubai, juu yake geti jipya lenye rangi mbichi.

"Geti haijakauka, madam. Ni ya kasitoma."

"Itakauka ikiwa chini."

Opondo hakusogea. Billy ndiye aliyeweka chini msasa, akashika upande mmoja wa geti, akamngoja mwenzake ashike upande wa pili. Wakaliteremsha. Kavoi akavuta turubai.

Juu ya meza lilikuwa bamba lenye vinundu, virefu kama mbegu za tikitimaji, kimoja huku, cha pili kule. Kwenye kona moja, bamba lilikuwa limetoboka zamani, likazibwa kwa kiraka laini cha mraba. Upande wa pili wa meza, mwishoni kabisa, ilifungwa vaisi kubwa ya kubania vyuma.

Valary alitoa picha ya mgongo, akailaza kando ya kiraka. Alimwachia Opondo aitazame.

"Hiyo bamba iko kila mahali Nairobi," Opondo alisema. "Kila gari, kila ngazi. Hiyo si ushahidi."

"Kweli. Kavoi, kiraka."

"Sentimita tisa kwa tisa, Madam. Kwenye picha, tisa kwa tisa."

"Urefu wa vaisi kutoka mezani."

"Kumi na tisa."

"Sasa, Bwana Opondo, kabla konstebo wangu hajagusa chuma hiki: washa hiyo mashine ya kuchomelea."

"Ya nini?"

"Washa."

Aliiwasha. Mashine ikaanza kunguruma. Valary alitoa bisibisi ndogo ya kupimia stima, akaigusisha kwenye ganda la mashine, mahali ambapo mtu yeyote angeweka mkono akitaka kuisogeza. Kitaa ndani ya mpini kikawaka chekundu. Akafuata waya kwa macho. Zilikuwa nyuzi mbili. Ule wa tatu, wa kupeleka stima ardhini, ulikuwa umekatwa na kukunjwa nyuma. Nyuzi hizo mbili zilipanda paani, zikavuka vichochoro, zikapotea katikati ya nyuzi nyingine kama hizo.

"Izime. Chomoa kabisa. Nipe mimi hiyo plagi."

Akapima tena meza yote. Kitaa hakikuwaka. Ndipo alipomwambia Kavoi apande. Kavoi alikuwa na kimo sawa na cha Murunga, na Valary alikuwa amekipima asubuhi hiyo hiyo. Akalala chali kwenye bamba, mabega usawa wa kiraka. Meza ilikuwa fupi kwake. Mguu wa kushoto ukanyooka kando ya vaisi. Wa kulia haukuwa na pa kwenda isipokuwa juu ya vaisi, na hapo ukatulia, umenyooka, kisigino hewani.

Mafundi wa karakana za jirani walikuwa wamesogea. Hakuna aliyepiga nyundo. Treni ilipita, ikatikisa mabati, ikaondoka.

"Mwambie," Billy alisema. Hakumtazama Opondo, alitazama viatu vyake mwenyewe. "Mimi Jumamosi nilikuwa kwa mazishi. Lakini viatu vya Morris nimeviona leo ndani ya ile pipa ya vipande vya chuma. Soli imetoboka. Mwambie, Opondo. Mama Trizah yuko seli na mtoto."

Opondo aliweka kikombe juu ya mashine, akakiondoa, akakiweka chini.

"Nilidhani amezimia," alisema. "Chini kulikuwa na maji, paa inavuja. Alisogeza mashine, nikaona ameng'ang'ania. Nilichomoa. Nilimpepea, nikamwagia maji. Nikamlaza hapo juu. Hakuamka."

"Hospitali iko mwendo wa dakika kumi."

"Ningesema nini? Hiyo laini yote inatoka kwa nguzo moja, madam, na hakuna mmoja wetu ameandikiwa mita. Karakana kumi na mbili. Wangekata, wangeshika kila mtu. Nikasema ngoja alfajiri, watu wakiwa wamelala."

"Ukangoja naye hapo mezani."

"Eeh. Kisha nikampakia kwa pikapu yangu, nikampandisha ngazi peke yangu, nikafungua kwa ufunguo wake."

"Na jiko?"

"Watu hufa na jiko kila baridi. Nilijua wataandika moshi, wafunge. Bibi yake alikuwa kwa dadake, Morris alikuwa ameniambia. Sikujua watamshika yeye."

"Ulifunga kufuli kwa nje."

Opondo alifikiri, kama mtu anayetafuta mahali alipoangusha kitu. "Nilisikia mtu anapanda ngazi. Nikabana tu, nikashuka. Sikufikiria."

"Kidole kimoja," Valary alisema. "Mwanamke amelala seli na mtoto anayenyonya kwa sababu ya kidole chako kimoja." Sauti yake haikupanda. "Kavoi, shuka. Viatu kutoka kwa pipa, kwenye mfuko wa karatasi, si plastiki. Pikapu isiguswe. Billy, utaandika maelezo, kila neno kama ulivyosema. Bwana Opondo, tunaenda."

Saa tano kasorobo Mwanzia alikuwa kwenye ngazi za kituo, faili kwapani, gari la kwenda kortini linanguruma. Valary alimpa karatasi ya Mbuthia, kisha picha mbili: mgongo na bamba. Alisoma amesimama. Alipomaliza alisoma tena.

"Kaungama?"

"Mbele ya watu thelathini. Ataandika rasmi na wakili wake. Lakini hata angenyamaza, mgongo ulikuwa umeshasema."

Mwanzia alizima gari kwa kumpungia dereva mkono. Alikuwa na njia nyingi za kuficha aibu, na hakutumia hata moja. "Nilishika mgogoro wa Alhamisi nikauacha hapo," alisema. "Funguo za seli ninazo mimi. Nitamtoa mwenyewe."

Aoko alitoka akiwa amemfunga mtoto mgongoni, akasimama kwenye kaunta kama mtu ambaye hajui kama anaruhusiwa kuvuka. Mwanzia alimwambia pole, akamwambia na sababu, kwa maneno machache na bila kumtupia mtu mwingine. Aoko alisikiliza yote. Kisha akamgeukia Valary.

"Aliumia?"

"Haikuchukua muda. Daktari anasema hata dakika haikuisha."

Aoko aliitikia kwa kichwa polepole. "Madam, mimi nitatoka hapa niende wapi? Kakake Morris alinipigia jana kabla polisi hawajachukua simu. Wekulo. Aliniambia nisikanyage kwao Kimilili. Alisema wamesikia nilimfungia ndani. Alisema watamzika bila mimi, na mtoto watamchukua."

"Namba yake unayo?"

Aoko aliisoma kutoka kwenye simu aliyorudishiwa. Valary alipiga kwa simu ya kituo, akafungua spika, akaiweka kaunta.

"Nani?" sauti iliuliza.

Valary alijibu kwa Kibukusu, lugha ya nyumbani kwake na kwa Murunga. Alitaja jina lake, ukoo wake, kijiji alikozaliwa babake, na cheo chake mwisho kabisa. Huko upande wa pili kiti kikasogezwa.

"Nasikiliza, dada."

Alimweleza kama anavyoeleza mahakamani, jambo moja baada ya jingine. Kwamba Murunga aliuawa na stima kazini, Laini Saba, jioni ya Jumamosi. Kwamba alihamishwa akiwa amekufa. Kwamba aliyefunga mlango ameshikwa na amesema mwenyewe. Kwamba Aoko alikuwa Satellite akimtunza dadake aliyejifungua.

"Huyo mwanamke aligombana naye," Wekulo alisema. "Tuliambiwa."

"Waligombana. Alimwambia aache kazi hiyo, itamuua."

Mwanzia, ambaye hakujua neno la Kibukusu, aliitazama simu kuona kama imekatika.

"Mna karatasi ya haya?"

"Ya daktari imeandikwa Kizungu. Nitaandika nyingine kwa Kiswahili, niigonge muhuri wa kituo, aje nayo. Isomwe mbele ya kila mtu, siku ya mazishi."

"Isomwe," Wekulo alikubali. Sauti yake ilikuwa imebadilika, imezeeka kidogo. Alihamia Kiswahili, labda kwa kujua kuna mwingine anayesikiliza. "Dada, mwambie mke wetu asipande gari la usiku. Apande la asubuhi, nitamngoja mwenyewe stendi. Na mtoto amfunike vizuri. Huku kuna baridi."

Aoko alikuwa amesikia. Alimteremsha mtoto kutoka mgongoni, akamlaza juu ya kaunta ya polisi, akaanza kumfunga leso upya.